Ukuta Uliopakwa Rangi

Methali ya wahenga isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta tumefundishwa sote shuleni, na wengi wetu tumeifundisha. Katika methali hiyo ukuta ni mali ya mwenye nyumba. Unamkinga na mvua, na pepo za kusi na kaskazi, na macho ya wapita njia. Hasara yake ni gharama ya kuujenga upya, basi. Kuta za namna hiyo lugha yetu inazo tele: kuna kiambaza cha fito na udongo, kuna ukuta wa mawe na chokaa wa miji ya pwani, kuna ua wa makuti unaositiri jiko. Lakini ukuta uliojengwa ili mwenye nyumba asiweze kutoka, huo wahenga hawakuutungia methali, nasi ilitupasa kuvuka bahari ndipo tuuone.

Tulikwenda Berlin kwa kazi ya ofisi, katika ujumbe mdogo wa watumishi wa utamaduni, mwezi wa Oktoba, wakati ambapo majani ya miti ya huko yamekwisha kugeuka rangi na baridi imeanza kuuma masikio. Kazi ilipokwisha tulibakiwa na siku mbili. Wenzetu walikwenda madukani. Sisi tuliomba tupelekwe mahali panapoitwa East Side Gallery, yaani Jumba la Picha la Upande wa Mashariki, ingawa pale hakuna jumba lo lote, wala paa, wala mlango, wala mtoza kiingilio. Ni ukuta wa mpaka tu, uliosimama kando ya barabara ya Mühlenstrasse, wenye urefu wa mita 1,316, nao umechorwa picha mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kuzieleza picha hizo hatuna budi kuueleza ukuta wenyewe, maana wanafunzi wa leo walizaliwa baada ya kuanguka kwake, na wengi huusikia kwa jina tu.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Ujerumani iligawanywa na washindi wanne: Urusi ya Kisovyeti, Marekani, Uingereza na Ufaransa. Mji wa Berlin, ijapokuwa ulikuwa ndani kabisa ya sehemu ya Warusi, nao uligawanywa vivyo hivyo. Mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili, moja ya Magharibi na moja ya Mashariki, kila moja ikidai kwamba ndiyo Ujerumani ya haki. Watu wakawa wanahama kutoka mashariki kwenda magharibi, na njia nyepesi kuliko zote ilikuwa kupitia Berlin, ambako mtu aliweza kupanda treni upande mmoja akashuka upande wa pili. Kufikia mwaka 1961 walikuwa wamekwisha kuhama watu zaidi ya milioni 2.5, wengi wao vijana, na miongoni mwao mafundi, madaktari na walimu. Nchi ilikuwa inavuja. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 13 Agosti 1961, askari wa Ujerumani ya Mashariki walitandaza seng'enge kuizunguka Berlin ya Magharibi yote. Siku chache baadaye wakaanza kujenga kwa matofali ya zege. Serikali yao iliuita ukuta huo kinga dhidi ya ufashisti. Msomaji na alitafakari neno hilo, kinga, kisha aulize bunduki za walinzi zilielekezwa kwa nani.

Ukuta ulikua miaka ilivyokwenda. Mwishowe ukawa kuta mbili, na katikati yake uwanja mtupu wenye mchanga uliosawazishwa ili nyayo zionekane, taa za usiku kucha, minara ya walinzi, na mbwa. Urefu wake kuizunguka Berlin ya Magharibi ulikuwa kilomita 155 hivi, na kilomita 43 kati ya hizo zilipita kati ya nusu mbili za mji. Kipande kimoja cha zege cha muundo wa mwisho kilikuwa na kimo cha mita 3.6 na upana wa mita 1.2, na mguu uliopinda ili kisiangushwe kwa kusukumwa. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha yao kwa sababu ya ukuta huo katika muda wa miaka 28. Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyeruka kutoka dirisha la nyumba yake katika mtaa wa Bernauer Strasse, tarehe 22 Agosti 1961. Nyumba yake ilikuwa mashariki, na njia ya miguu iliyokuwa chini ya dirisha lake ilikuwa magharibi.

Ukuta ulifunguka usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. Sisi tulikuwa katika shule ya sekondari ya bweni, na habari tulizipata kwenye redio ya mlinzi wa lango. Kesho yake asubuhi mwalimu wetu wa siasa aliingia darasani, akachukua kifutio, akafuta ubao ambao haukuwa na maandishi, kisha akasema tufungue sura inayofuata. Hatumlaumu. Ujerumani ya Mashariki tulikuwa tumeijua kama rafiki. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 serikali mpya ya Visiwani iliitambua mapema mwaka ule ule, na wataalamu wake walisaidia kujenga majumba ya Kikwajuni, katika ule upande wa mji wa Unguja uitwao Ng'ambo, ili wanyonge wapate makazi bora. Ujerumani ya Magharibi haikupendezwa. Mwaka 1965 ilipouondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Dar es Salaam ilikubali kuwapo ubalozi mdogo wa Mashariki, Mwalimu Nyerere aliwaambia wauchukue na msaada uliosalia. Tulikuwa sahihi kutokubali kuchaguliwa marafiki. Hata hivyo twakiri kwamba urafiki huo ulitufanya tusiulize maswali mengi juu ya ukuta. Zege ya Kikwajuni tuliiona kwa macho yetu. Zege ya Berlin tuliisikia kwa mbali, nayo ilikuwa kazi ya dola ile ile.

Sasa turudi Mühlenstrasse. Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa kike, aliyezaliwa na kukulia Berlin ya Mashariki. Tulimwita Mama, kama desturi yetu ilivyo, naye alicheka akasema hakuna mgeni aliyepata kumwita hivyo. Alituongoza kuanzia karibu na stesheni ya Ostbahnhof, tukitembea polepole na ukuta ukiwa mkono wa kuume.

Picha ni nyingi mno kuelezwa zote, na kusema kweli si zote zilizo nzuri. Nyingine ni njiwa na nyoyo na mikono iliyoshikana, kama kadi za sikukuu. Lakini ziko zinazomsimamisha mtu. Mchoraji Mrusi Dmitri Vrubel, aliyefariki mwaka 2022, aliwachora Leonid Brezhnev na Erich Honecker wakibusiana mdomo kwa mdomo, kwa kufuata picha iliyopigwa mwaka 1979 katika sherehe za miaka 30 ya Ujerumani ya Mashariki. Nyuso zao ni kubwa kuliko mtu mzima, na mpita njia hujiona kama mtoto aliyefungua mlango asioruhusiwa. Birgit Kinder alichora motokaa ndogo ya Trabant, gari la mnyonge wa Mashariki, ikitokeza mzima mzima katikati ya zege. Kani Alavi, msanii mzaliwa wa Iran, alichora maelfu ya nyuso zikimiminika katika ufa kama maji ya mto uliobomoa kingo. Hapo tulikaa muda mrefu. Kwa mbali zinaonekana nyuso zenye furaha. Ukizikaribia, utaona kwamba nyingi zina hofu, na nyingine hazionyeshi kitu cho chote, kama watu waliotoka gizani ghafla.

Tulimwuliza Mama kama alikuwa akiziona picha ukutani wakati wa ujana wake. Alijibu: "Picha zilikuwa upande wa pili. Kwetu ukuta ulikuwa mtupu. Nilipita hapa kwa basi miaka mingi, na sikupata kuugusa hata mara moja."

Jambo hilo ndilo ufunguo wa mahali pale, na mgeni asipoambiwa atalikosa. Upande wa magharibi watu walikuwa wakiukaribia ukuta na kuuchora. Mfaransa Thierry Noir alianza kuupaka vichwa vyake vya rangi kali mwaka 1984. Upande wa mashariki haukuchorwa na mtu. Ukuta ulipokufa ndipo wachoraji walipoujia upande huo. Katika mwaka 1990 wasanii 118 kutoka nchi 21 walifanya kazi barabarani, katika jua na vumbi la malori, na tarehe 28 Septemba mwaka huo kazi yao ikafunguliwa rasmi. Siku 5 baadaye, yaani tarehe 3 Oktoba, dola iliyoujenga ukuta ikafutika katika ramani. Kwa hiyo picha hizi si za mapambano, kama wageni wengi wadhanivyo. Ni za watu waliokuja kuuosha maiti na kuuvisha.

Mwaka 1991 ukuta huu ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria kama kumbukumbu ya taifa. Hapo yakaanza matatizo ambayo mtumishi ye yote wa mambo ya kale anayajua. Zege hupasuka, nondo hushika kutu, mvua na moshi wa magari hula rangi, na wageni huandika majina yao juu ya nyuso za watu. Mwaka 2009 ukuta ulitengenezwa upya: rangi ya zamani ikaondolewa, zege ikazibwa, na wachoraji wakaombwa kuchora tena picha zao zile zile. Wengi walikubali, wengine wakakataa. Vrubel alichora tena busu lake. Basi twauliza, je, picha anayoiona mgeni leo ni ya mwaka 1990 au ni nakala iliyoandikwa na mkono wa mwandishi yule yule? Sisi tunaotunga mashairi twajua kwamba mtu akiandika tena kwa kumbukumbu shairi lililopotea, hapati lile lile. Hupata ndugu yake.

Ukuta huu umepata pia adui mwingine, naye ni thamani ya kiwanja. Mwaka 2006 kipande cha mita zaidi ya 40 kiliondolewa ili ukumbi mkubwa wa michezo upate uwazi wa kuelekea mtoni. Mwaka 2013 vilitolewa vipande vingine kwa ajili ya mnara wa nyumba za kifahari, na maelfu ya watu wakaja kuuzuia ubomoaji. Mama alikuwa miongoni mwao. Alitueleza, nusu kwa kicheko, jinsi alivyosimama katika theluji ya Machi kuulinda ukuta ule ule ambao Novemba ya 1989 alikuwa amekwenda kuupiga nyundo aliyoazima kwa jirani. Mnara ulijengwa hata hivyo. Tuliuona, mweupe na mrefu, umesimama mahali ambapo mtu angalipigwa risasi zamani.

Kando ya ukuta vijana walikuwa wakiuza vijipande vya zege ndani ya vifuko vya plastiki, kila kimoja kikiwa na rangi upande mmoja. Mama alikiinua kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, akakirudisha bila neno.

Tulipita katika moja ya zile nafasi zilizotobolewa tukatokea nyuma, upande wa mto Spree. Huko hakuna picha za maana. Kuna maandishi ya ovyo ovyo, majani, na watu wanaokunywa bia wakitazama mashua. Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo picha hazikutuambia. Katika sehemu hii mpaka haukuwa ukuta, bali mto, na mto wote, hadi ukingo wa pili, ulikuwa mali ya Mashariki. Mtoto aliyekuwa akicheza ukingoni upande wa magharibi, akiteleza, alikuwa ameanguka katika nchi nyingine. Kati ya mwaka 1966 na mwaka 1975 watoto watano wa upande wa magharibi walizama mahali hapo. Waokoaji wa magharibi hawakuthubutu kuingia majini kwa kuhofia kupigwa risasi, na walinzi wa mashariki hawakufika kwa wakati. Wa mwisho, mtoto wa wahamiaji wa Kituruki, alizama mwezi wa Mei 1975, siku aliyotimiza miaka 5. Mpira wake ulikuwa umeingia mtoni. Baada ya kifo hicho, mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, pande mbili zilitia sahihi mapatano ya kuokoa watu majini.

Tulisimama pale tukautazama ukingo wa pili. Si mbali; mtu mwenye mkono mzuri angeweza kurusha jiwe likakaribia kufika. Kushoto kwetu lilikuwapo daraja la Oberbaum lenye minara yake miwili ya matofali mekundu, na juu yake likipita treni la rangi ya manjano bila kusimamishwa na mtu. Katika Kiswahili upande wa pili wa maji huitwa ng'ambo, nalo ni neno la kawaida kabisa, la wavuvi na wavushaji. Ng'ambo ni mahali unapokwenda ukarudi.

Ukingo ule walimozama watoto ulikuwa ukiitwa Gröbenufer, kwa jina la Otto Friedrich von der Gröben, mtumishi wa mtawala wa Brandenburg aliyekwenda Afrika ya Magharibi katika karne ya 17 na kujenga ngome katika nchi ambayo leo ni Ghana. Ngome hiyo ilitumika katika biashara ya watumwa. Mwaka 2010 jina lake liliondolewa, na sasa ukingo unaitwa May-Ayim-Ufer, kwa heshima ya mshairi May Ayim. Huyu alizaliwa Hamburg mwaka 1960, baba yake Mghana na mama yake Mjerumani, na alifariki Berlin mwaka 1996. Wakati wengine walipokuwa wakiucheza ngoma muungano wa Ujerumani mwaka 1990, yeye aliandika shairi la kuuliza katika umoja huo mpya watu weusi wa Ujerumani wamewekwa wapi. Hakuna picha yake katika zile mita 1,316 tulizotembea. Lakini jina lake liko ng'ambo ya mto, limeelekea ukuta, na kwa maoni yetu ndilo lililowekwa mahali pazuri kuliko yote.

Kwa sababu ya jina hilo tulimwomba Mama atupeleke mahali pa pili, ambapo hapakuwamo katika mipango yake: mtaa wa Wilhelmstrasse, palipokuwa na jumba la Kansela Bismarck. Hapo ndipo ulipokaliwa Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Madola 14 yalikuwapo, na Mwafrika hakuwapo hata mmoja. Walimu wengi, nasi tukiwamo, tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba katika mkutano ule mabwana walitandaza ramani wakaigawa Afrika kwa rula. Yafaa tujisahihishe. Mkutano uliweka kanuni, jinsi dola itakavyodai pwani na jinsi itakavyowaarifu wenzake. Mistari yenyewe ilipigwa baadaye, mmoja mmoja, katika barua za wawili wawili. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaizari alitia sahihi waraka wa kuyaweka chini ya himaya yake maeneo ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, ambayo Karl Peters alidai ameyapata kwa mikataba. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikapatana juu ya mstari kutoka pwani karibu na mdomo wa mto Umba hadi ziwa la Nyanza, uliozunguka mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini. Ile hadithi kwamba mlima ulitolewa zawadi ya siku ya kuzaliwa haina ushahidi, ingawa inapendwa sana na waongozaji wa watalii.

Mstari huo twaujua. Bibi yetu mzaa mama ni Mdigo wa upande wa Vanga. Wajomba zetu ni raia wa Kenya na sisi ni raia wa Tanzania. Hakukujengwa ukuta pale wala hakuna aliyepigwa risasi kwa kwenda arusini, na kwa hilo twashukuru. Lakini tangu tungali wadogo tulijua kwamba kwenda kumzika babu kulihitaji karatasi.

Jumba la Bismarck halipo tena. Mahali pake zimejengwa nyumba za ghorofa za kawaida, kazi ya miaka ya mwisho ya Ujerumani ya Mashariki, zenye vyumba vya kupanga na maduka chini. Kuna kibao cha maelezo kando ya njia. Tulikisoma kikaisha kabla Mama hajamaliza kufunga kamba za viatu vyake. Kisha akatuonyesha kwa kidole upande wa magharibi, mwendo wa dakika chache tu, akasema: "Na pale ndipo ulipopita Ukuta." Bustani za majumba yale, ambamo mabwana wa mwaka 1884 walikuwa wakipunga upepo, zilielekea mahali pale pale ambapo miaka 77 baadaye seng'enge ilitandazwa. Kwa mstari uliowapita Wajerumani katikati kuna mita 1,316 za picha na mamilioni ya wageni. Kwa mistari iliyowapita wengine kuna kibao. Hatusemi hivi kwa kinyongo. Kila taifa huchora jeraha lake kwanza, na sisi hatujachora hata hilo letu.

Siku ya pili asubuhi tulikwenda peke yetu Bernauer Strasse, mtaa wa yule mwanamke wa dirishani. Huko ukuta umeachwa kama ulivyo. Hakuna rangi. Zege imechakaa, nondo zimejitokeza zikiwa na kutu, na mahali palipobomolewa pamesimikwa fimbo za chuma zinazoonyesha mstari, hata mtu akipita kati yake ajue anavuka nini. Katikati ya ule uwanja wa mauti lilikuwapo kanisa. Askari walilibomoa kwa baruti mwezi wa Januari 1985 kwa kuwa liliwazibia macho. Mahali pake kimejengwa kikanisa cha mviringo, kilichofunguliwa mwaka 2000, na kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, uliochanganywa na vipande vya kanisa lililobomolewa. Tuliuweka mkono ukutani. Ulikuwa udongo kweli, baridi, wenye changarawe na vipande vya tofali, kama kiambaza cha bibi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi alitutazama akatabasamu. Huenda ameona Waafrika wengi wakifanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo kumbukumbu tuliyokuwa tukiikwepa siku mbili ilipotupata.

Miaka zaidi ya 20 iliyopita tulikuwa ofisa utamaduni wa wilaya moja, ambayo haina haja ya kutajwa. Wilaya hiyo ina boma la Wajerumani. Neno boma lenyewe ni la kutazamwa: asili yake ni uzio wa kukinga watu na mifugo, na wakoloni walipojenga ngome zao tukawapa neno letu, hata leo kwenda bomani ni kwenda serikalini. Katika boma hilo kuna chumba kilichokuwa mahabusu. Juu ya lipu yake, kimo cha mtu aliyeketi, kulikuwa na mikwaruzo: mistari midogo midogo ya wima, kama ya mtu anayehesabu siku, na kando yake herufi chache za Kiarabu ambazo wazee wetu walikuwa wakiandikia Kiswahili. Hatukujua ni za nani wala za mwaka gani. Ikaja habari kwamba mgeni mkubwa atatembelea wilaya, na kwamba majengo yote ya serikali yapendeze. Tulitia sahihi karatasi ya madebe 6 ya rangi nyeupe. Mlinzi, mzee aliyekuwa ameajiriwa kabla hatujazaliwa, alisimama mlangoni na burashi mkononi akauliza, "Bwana Ofisa, na haya maandishi?" Tukamjibu, "Paka." Mgeni mkubwa hakufika katika chumba kile.

Huko Berlin wamepaka rangi ukuta ili watu waujie, na kweli wanaujia. Wakati huo huo wameacha sehemu nyingine bila rangi, kwa ajili ya atakayetaka kujua. Sisi tulipaka ili kusiwe na kitu cha kuonekana, na tukalipwa posho ya siku ile.

Tuliporudi tuliomba likizo, tukapanda basi hadi wilaya ile. Mzee mlinzi alikwisha kufariki. Chumba sasa ni stoo ya viti vibovu na majalada, na ukuta umepakwa tena mara mbili au tatu, safari ya mwisho kwa rangi ya maziwa. Hatukuthubutu kukwangua, maana hiyo ni kazi ya wataalamu, na barua ya kuwaomba tumekwisha kuiandika. Lakini Mama alikuwa ametufundisha jambo moja pale ukutani: ukilaza mwanga ubavuni mwa ukuta, hata rangi nene haifichi mchimbo. Mlinzi mpya, kijana mwenye adabu, alitushikia mlango tukazima taa. Tukaiweka tochi karibu kabisa na lipu, kimo cha mtu aliyeketi, tukaisogeza kidogo kidogo.

Mistari ilikuwapo. Tuliihesabu kwa sauti, na kijana akiandika katika daftari la wageni kwa kuwa hatukuwa na karatasi nyingine. Tulipofika 47 betri zikaanza kufifia. Herufi zilikuwa mbele kidogo, nyuma ya rundo la viti. Tulipata kuona moja tu, mim, kisha giza. Kijana akauliza kama dukani kuna betri za namna ile, nasi tukampa fedha, tukakaa chini sakafuni kumngoja.